Barua ya wazi kwa TCRA na Serikali Mtandao: tupeni namna moja ya kuandika namba ya simu

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),

na

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA).

YAH: NAMBA MOJA YA SIMU KUWA NA SURA NNE, NA KILA FOMU KUTAKA SURA YAKE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari hapa Morogoro. Wenzangu wa kazi hii wanajua kwamba siku hizi daftari na kopi ni sehemu ndogo tu ya siku. Kinacholeta foleni ni fomu za mtandaoni. Maombi ya ajira, mkopo wa elimu ya juu, pasipoti, TIN, cheti cha kuzaliwa, vyote vinapita kwenye kompyuta zetu, vikiletwa na watu ambao wengi wao simu yao ni kitochi. Kwenye kiti hiki nimeona fomu za taasisi nyingi, za umma na za binafsi. Kisanduku kinachorudisha watu nyuma kuliko vyote si cha namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Ni cha namba ya simu, yenye tarakimu tisa.

Tisa, naam, ingawa wengi wetu tukiulizwa tutasema kumi. Namba ya Tanzania, iwe ya mkononi au ya mezani, ina tarakimu tisa: mbili za mwanzo ni msimbo, saba zinazofuata ni za mteja mwenyewe. Sifuri tunayoitanguliza haimo. Hiyo ni ishara kwa mtambo kwamba anayepiga yuko ndani ya nchi na kinachofuata ni namba kamili yenye msimbo wake. Anayepiga kutoka nje ya nchi haihitaji ishara hiyo, kwa kuwa anatanguliza 255, na 255 inatosha kuifikisha simu kwetu. Ndiyo maana sifuri na 255 havikai pamoja. Kimoja kikiingia, kingine kinatoka.

Enzi za simu ya mezani jambo hili halikuhitaji maelezo, watu walilijua kwa vidole. Mtu wa Dar es Salaam akimpigia mwenzake wa Dar es Salaam alibonyeza tarakimu saba, basi. Akitaka Morogoro alianza na sifuri, akaweka 23, ndipo akamalizia na zile saba. Akitaka London alianza na 000, ambayo ndiyo ile alama ya kujumlisha tunayoiona leo kwenye simu za mkononi. Kila hatua ya umbali ilikuwa na mlango wake. Simu ya mkononi imefuta tofauti hiyo: haina mji, kwa hiyo kila unapopiga lazima uweke msimbo, hata kama unampigia jirani mnayetazamana madirishani. Kijana aliyeanzia kwenye simu ya mkononi ameikuta sifuri pale mbele na kuihesabu kuwa tarakimu ya kwanza ya namba yake. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza vingine, na hapo ndipo penye lawama yangu.

Tazameni linalotokea. Fomu ya kwanza inataka 0712 xxx xxx, tarakimu kumi. Ya pili inataka 255712xxxxxx, kumi na mbili, bila alama ya kujumlisha. Ya tatu inaitaka alama hiyo. Ya nne imeshaibandika +255 upande wa kushoto na inangoja tisa zilizobaki, lakini haikuambii. Mteja anataja namba yake kama anavyoijua tangu anunue laini, kwa sifuri yake, na mfumo unaziunganisha zinakuwa +2550712. Namba hiyo haipo duniani. Fomu zenye adabu hukataa papo hapo na kuandika kwa wino mwekundu kwamba namba si sahihi, bila kusema ina kosa gani. Zisizo na adabu huipokea, hushukuru, kisha hutuma ujumbe wa uthibitisho kusikojulikana. Mama wa watu anakaa kwenye benchi langu na simu mkononi akingoja tarakimu za siri ambazo hazitakuja. Anadhani mtandao uko chini. Anarudi kesho. Kesho mfumo unamwambia kwamba kitambulisho chake tayari kimesajiliwa, atumie namba ya simu aliyoiandikisha.

Kuikomboa akaunti ya namna hiyo ni safari ya ofisini, na ofisi yenyewe mara nyingi iko mkoa mwingine.

Jambo hili halihitaji kubuniwa upya. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulishaweka mapendekezo mawili yanayotosha kabisa. Moja, E.164, linasema namba ya simu ya kimataifa, pamoja na msimbo wa nchi, isizidi tarakimu 15. Yetu ina 12. Jingine, E.123, linaeleza namna ya kuiandika namba ili mtu aisome: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, nafasi, kisha namba iliyogawanywa mafungu kwa nafasi. Mabano yametengewa namba iliyoandikwa kwa matumizi ya ndani ya nchi, kuonyesha tarakimu ambazo si lazima zipigwe kila mara. Kwenye sura ya kimataifa hayatakiwi.

Sasa pita barabarani, au fungua ukurasa wa mawasiliano wa taasisi yoyote, uone ugonjwa wa +255 (0) 7. Umejaa kwenye kadi za biashara, kwenye barua zenye nembo, hata kwenye mabango ya miradi. Aliyeandika alitaka kuwa mwema kwa wote wawili, wa ndani na wa nje, akaishia kumchanganya kila mmoja. Wa nje anaipiga sifuri na simu haiendi. Wa ndani anabonyeza namba hiyo kwenye simu janja, na simu nayo inaibeba sifuri pamoja na nyingine zote. Waingereza wana tabia hiyo hiyo, huenda tuliipata kwao, na wao wenyewe hawajapona: msimbo wa London umekuwa 020 tangu mwaka 2000, lakini hadi leo utakuta duka la huko limeandika 0207 kana kwamba ile saba ni sehemu ya msimbo. Nchi ambayo haikuwafundisha watu wake mapema inabaki na makosa kwenye vibao kwa miongo.

Sisi tuna vibao vya namna hiyo pia. Ukifungua jalada la zamani utakuta Dar es Salaam ni 051, Moshi 055, Arusha 057. Kuna kuta ambazo bado zina 0744, namba za zama ambazo hazijawa 0754. Mabadiliko yale yalikuwa na sababu na yaliisha salama. Tulibaki na misimbo saba ya mezani: 022 ya Dar es Salaam, 023 yetu sisi wa Morogoro pamoja na Pwani, Lindi na Mtwara, 024 ya Zanzibar, 025 ya Mbeya, Rukwa na Ruvuma, 026 ya Dodoma, Iringa, Singida na Tabora, 027 ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga, na 028 ya mikoa ya Ziwa pamoja na Kigoma. Mwaka 2012 ilipozaliwa Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, na 2016 ikazaliwa Songwe, hakuna mkoa uliopewa msimbo mpya. Vizuri sana. Msimbo unafuata mpangilio wa mitambo, haufuati mipaka ya wakuu wa mikoa, na anayedhani mkoa wake umedharauliwa kwa kukosa msimbo wake mwenyewe ana wivu usio na faida. Hata Zanzibar ilitengewa +259 kwenye orodha ya dunia na haikutumika kamwe. Wazanzibari wanapatikana kwa 255 kama sisi na hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo naomba nieleweke: siombi namba zibadilishwe. Naomba zilizopo ziandikwe kwa sura moja.

Lipo suala la pili, na hili nalo linatoka kwenye mpango wa namba. Msimbo mmoja wa mkononi, tuseme 75, unafuatwa na tarakimu saba, maana yake unabeba namba milioni 10 na haubebi zaidi. Nchi yenye laini zaidi ya milioni 60 haiwezi kuishi kwa misimbo mitatu minne. Ndiyo maana baada ya kuzoea 071, 075 na 078 tukaona 065, 067, 068, 069, halafu 062 na 061, na 074 na 076. Hesabu ni ya wazi, lakini baadhi ya walioandika mifumo hawakuifanya. Nimekutana na fomu inayoikataa namba ya mtu kwa sababu tu inaanza na 06. Nimemwona mzee akiambiwa na mashine kwamba namba yake si ya Tanzania, na ameitumia miaka yote kupokea fedha za mazao. Wakenya walipofungua namba za 01 mwaka 2019, kila mfumo uliokuwa umeandikwa ukubali 07 peke yake ulikuwa umepitwa na wakati siku ile ile. Sisi tungeweza kujifunza kwa jirani bila gharama.

Ndugu wa suala hilo ni kubahatisha mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Ninyi TCRA ndio mlioileta huduma hiyo, na ilikuwa haki. Tangu siku hiyo, 0754 haithibitishi kwamba mtu yuko Vodacom, wala 0784 haithibitishi kwamba yuko Airtel. Kinachothibitisha ni kumbukumbu za kuhama, ambazo watoa huduma wanazo na mwananchi hazioni. Lakini bado kuna fomu zinazosoma tarakimu za mwanzo na kuchagua mtandao zenyewe, bila kumpa mtu nafasi ya kurekebisha, kisha malipo yanatumwa kwenye mtandao alioukimbia. Bado kuna matangazo ya kazi yanayosema weka namba ya mtandao fulani, inayoanza na tarakimu fulani. Haki mliyompa mtu kwa mkono mmoja, mfumo ulioandikwa vibaya unampokonya kwa mwingine, na yeye hajui amshitaki nani.

Niwapeleke sasa kwenye kamati za harusi. Msicheke. Kamati inaleta daftari la wachangiaji, majina na namba, inataka tuchape kwenye Excel ili ujumbe utumwe kwa pamoja. Ukichapa 0712 ikifuatwa na nyingine sita, Excel inaiona kuwa hesabu, na hesabu haianzi na sifuri, kwa hiyo inaila. Zinabaki tisa. Ukiamua kutumia sura ya 255 bila alama yoyote mbele, Excel inaona hesabu ya mabilioni, inaifupisha kuwa 2.55712E+11, na wote wa 0712 wanafanana kuanzia juu hadi chini. Dawa ipo na ni ndogo: kuitangaza safu ile kuwa ya maandishi kabla hujachapa chochote. Sisi wa steshenari tunaijua kwa sababu tunakula kwa kazi hii. Lakini mtendaji wa kijiji anayetakiwa kupeleka orodha ya wanufaika wilayani hajafundishwa, na hapo hakuna mchango wa harusi. Kuna fedha ya kaya maskini.

Halafu kuna ndugu zetu walio nje. Oman, ambako Watanzania wengi wana jamaa, hasa watu wa visiwani, namba zina tarakimu nane na hazitangulizwi sifuri. Unaipiga kama ilivyoandikwa, uwe Muscat au Salalah. Burundi nao wako hivyo hivyo, nane bila sifuri. Mtu aliyekulia kwenye utaratibu huo akipewa 0777 na namba zinazofuata, anaihifadhi kama alivyopewa, kisha anashangaa jamaa yake haonekani WhatsApp. Hawezi kuonekana: simu ya Muscat ikiiona namba hiyo inadhani ni ya Oman. Ingeandikwa +255 777 tangu mwanzo, ingefanya kazi Zanzibar, Muscat na Toronto bila kuguswa. Hili ndilo watu hawalijui na ndilo ningependa lisemwe redioni: namba yenye +255 inapigika hata ukiwa hapa hapa Tanzania, na aliyeko nyumbani hapotezi chochote kwa kuihifadhi hivyo. Kwenye kitochi alama ya kujumlisha inapatikana kwa kubonyeza nyota mara mbili. Kwenye simu janja, kwa kushikilia sifuri.

Na zile namba za bure za 0800? Ni jambo jema kwa aliye ndani. Lakini taasisi inayohudumia pia Watanzania walioko ughaibuni, ikaweka 0800 peke yake kwenye ukurasa wake, imewafungia mlango, kwa kuwa kwa kawaida namba ya bure haipigiki kutoka nchi nyingine. Iwekwe na ya kawaida pembeni.

Nimesema mengi ya lawama; niseme na la sifa, kwa sababu ndilo linalonipa matumaini. TCRA mlitufundisha kwamba mtoa huduma wa kweli atakupigia kwa namba 100, na ujumbe wa kitapeli upelekwe 15040. Mafundisho yale yalikuwa mafupi, yalirudiwa kila mahali, na watu wameyashika. Wateja wangu wasiojua kusoma vizuri wanaijua 100. Kwa hiyo hoja kwamba wananchi hawaelewi mambo ya namba siikubali. Wanaelewa kikisemwa kwa Kiswahili cha kawaida na kikisemwa mara nyingi.

Mamlaka ya kutenda mnayo. TCRA ndio wasimamizi wa namba zote za nchi hii chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake za namba. Hakuna kampuni inayopata hata namba moja bila kupitia kwenu. eGA mna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, inayowapa nguvu ya kuweka viwango kwa mifumo ya taasisi za umma. Namba ya simu haipo kwa mmoja wenu peke yake. Inazaliwa kwa TCRA na inapata tabu kwenye mifumo inayosimamiwa na eGA, na ndiyo sababu barua hii ina majina mawili juu.

Ninachoomba kwa eGA kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa. Mfumo wowote wa umma upokee sura zote nne za namba, uondoe wenyewe nafasi, vistari na mabano, uone kama kuna sifuri au 255, kisha uhifadhi sura moja tu ndani, ile ya kimataifa. Kazi hiyo ni ya mashine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta anaiandika kabla ya chai ya saa nne, na sioni kwa nini afanyiwe mzaha mkulima wa Kilosa ili kumwokolea mtaalamu mistari michache ya programu. Fomu ikishaipokea namba, imwonyeshe mtu namba hiyo ikiwa imegawanywa mafungu, imuulize kama ndiyo yake, kabla ya kutuma tarakimu za siri. Isikatae 06. Isibahatishe mtandao. Na kosa likiwepo, iseme ni kosa gani: tarakimu zimezidi, zimepungua, au msimbo haupo.

Kwa TCRA naomba mtangaze rasmi namna mbili za kuandika na kuzipa baraka zenu. Kwa matumizi ya ndani, 0712 xxx xxx kwa simu ya mkononi na 023 xxx xxxx kwa ya mezani. Kwa matumizi ya nje, au pale usipojua msomaji yuko wapi, +255 712 xxx xxx na +255 23 xxx xxxx. Mafungu yasibadilike kila mahali, maana mafungu ndiyo yanayomsaidia mtu kuitaja namba na mwingine kuidaka. Leo mmoja anaitaja mbili mbili, mwingine tatu tatu, anayeandika anakatika katikati na wanaanza upya. Nalisikia kaunta kwangu kutwa. Ile +255 (0) itangazwe kuwa kosa. Mpango wa namba, ambao sasa umeandikwa kwa ajili ya wahandisi na mawakili, mtoeni pia kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ambayo wachora mabango, wachapaji wa kadi na sisi wa steshenari tunaweza kuibandika ukutani. Mimi nitaichapa kwa gharama yangu.

Fundi bango anaandika alichopewa na mteja, na mteja naye anaiga alichokiona kwenye bango la serikali. Kwa hiyo la kuanzia halihitaji bajeti wala kikao: fungueni kurasa za mawasiliano za taasisi zinazosimamiwa kwa viwango vyenu, mtazame namba zilivyoandikwa, mzipige kuona kama bado zinapokelewa, na mzirekebishe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari, Morogoro.

Nakala: Kila ofisi ya umma yenye ukurasa wa "Wasiliana Nasi".